Kumi na Tano ya Bi Mkubwa

Mimi Bibie simchukii. Mtu akikwambia Naima wa Iyunga anamchukia mke mwenzake, mwambie aache uzushi. Mimi namwonea wivu, basi, na wivu na chuki ni vitu viwili. Chuki ningeweza kuiacha nyumbani nikaenda zangu dukani. Wivu huu unaamka nami, unaswali nami, unafungua duka nami, unakaa nami kwenye kaunta mpaka jioni.

Mume wetu, Bushiri, ana maduka mawili ya vifaa vya ujenzi. La kwanza liko hapa Iyunga, Mbeya, kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma. Hili nimelianza naye tangu likiwa kibanda cha misumari na kofia za bati. La pili liko Iringa mjini, na hilo ndilo alilomfungulia Bibie alipomwoa. Bibie ni mdogo kwangu, mdogo sana, na ana sauti laini hata akikutukana utamshukuru. Ila hajawahi kunitukana, na hilo nalo linaniudhi. Bushiri alimwoa kwa haki, sikatai. Aliniambia mapema, hakunificha. Watu wanasema ukiambiwa mapema haiumi. Hao hawajaambiwa.

Na kwa haki, Bushiri ni mtu wa haki mpaka anakera. Akinunua khanga hununua doti mbili, azipime kama zinalingana. Friji alinunua mbili za aina moja, siku moja. Ya kwangu ilipoharibika akaleta fundi, kisha akamlipia fundi huyo huyo nauli hadi Iringa akakague ya Bibie ambayo haina tatizo! Zamu zake hazikupinda: juma Mbeya, juma Iringa, mvua inyeshe isinyeshe. Ukimuuliza anasema, "Mama Iqbal, mwanamume akielemea kwa mke mmoja, Siku ya Kiyama anafufuliwa upande mmoja umeinama. Mimi sitaki kusimama mbele ya Mola bega limelala."

Basi sukari ikampata. Ikaanza na kiu, ikaja macho, mwisho ikashuka kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, kidonda kikagoma kupona. Daktari akamwambia bila kuzunguka: safari za kila juma baina ya Mbeya na Iringa zitamkata mguu. Achague mji mmoja, akae, atulie.

Achague! Mtu aliyeshindwa kuchagua hata rangi ya sufuria bila kununua mbili! Alirudi kutoka hospitali uso umemsawajika, nami nikamkanda mguu kwa maji ya vuguvugu, nikasema moyoni, Yarabi, nichague mimi. Miaka yote nimelala nusu. Uzee wake nipe mzima.

Ndipo Iqbal akaja na mfumo wake. Iqbal ni mwanangu wa kwanza, anafanya kazi za kompyuta Dodoma, na alikuwa anamsumbua baba yake siku nyingi kwamba maduka ya kisasa hayauzi kwa kukisia. Alikaa kwenye kaunta yangu akaingiza kila kitu: bati, nondo, simenti, rangi, vitasa, bawaba, sululu, mpaka skrubu. Kila bidhaa na bei tuliyonunulia. Halafu akanionyesha ajabu yake. Unachagua bidhaa zote kwa mpigo, unaandika asilimia ya faida unayotaka iongezwe juu ya bei ya kununulia, unabonyeza, na duka zima linapata bei mpya kabla hujameza mate. Hakuna kupanga kimoja kimoja. Hakuna kupatana.

"Hakuna kupatana?" nikamuuliza.

"Hakuna, mama. Mashine ikisema bei, ndiyo bei. Hata kupunguza imekataliwa, labda meneja abadilishe asilimia."

Hee! Mimi nimejenga duka lile kwa mdomo wangu. Mtu aliyeshuka kutoka Makongolosi na mfuko umetuna, dhahabu imemkubali, alikuwa na bei yake. Fundi anayenunua kila siku alikuwa na yake. Mjane anayeezeka jiko alikuwa na yake, na mara nyingi niliongeza misumari ya bure. Nilikuwa namtazama mtu usoni naijua bei. Leo naambiwa bei inatoka kwenye kioo. Nilifyonya, lakini Bushiri alikuwa amefurahi kama aliyeokota pesa njiani. Nikajua kuna jambo.

Jioni ile alituita, mimi mezani na Bibie kwenye simu, sauti imefunguliwa wote tusikie.

"Sikilizeni," akasema. "Daktari amesema nichague, na mimi siwezi kuchagua. Basi itachagua mashine. Maduka yote mawili yatawekewa asilimia ishirini na tano, bidhaa zote, huku na kule, sawasawa. Kuanzia sasa mpaka Idi kubwa, duka litakalouza zaidi ndilo litakalokuwa ghala letu kuu. Na mimi nitakaa lilipo ghala. Atakayebaki nitamtembelea kila Mungu akinipa uzima. Chakula, mavazi, kodi, hatapungukiwa. Lakini mwili wangu ni mmoja."

"Mwili wako ni mmoja leo?" nikamwambia. "Siku unaoa ulikuwa miwili?"

Iqbal alikohoa akainamia kompyuta. Kutoka Iringa tukasikia ile sauti laini: "Mimi nimekubali, baba. Dada Naima, Mungu atujalie kheri sote."

"Amina," nikasema, meno yamebana.

Niliingia jikoni nikapiga sufuria chini. Mwanamume mzima, amefika umri wa kuitwa mzee, anajinadi kama mtumba! Tena kwa woga tu. Alikuwa anataka siku moja aseme "si mimi, ni mashine." Wao baba na mwana walibaki sebuleni na ile kompyuta wakimalizia mambo yao, sikutaka hata kuwaangalia.

Kesho yake Iqbal kabla hajaondoka alinipa nywila ya meneja. Tukawa nayo watu watatu: yeye, baba yake na mimi. Bibie alipewa ya muuzaji tu, ya kuuzia. Sitadanganya, jambo hilo lilinipa raha siku nzima.

Mashindano yakaanza, na wateja wakanijia mpaka nikashangaa. Bei za mashine ziliniuma, maana bati nililozoea kulisifia mpaka mtu akatoa zaidi, mashine ililiuza kwa bei ya kutupa. Lakini watu walijaa. Gwakisa, fundi mkubwa wa kupaua wa hapa Iyunga, mtu aliyezoea kunibishia kila msumari, alitazama bei akasema, "Ndaga, mama, asante, leo umeniheshimu," akabeba bati bila neno la pili. Alileta na mafundi wenzake. Nikajua ni mdomo wangu unawavuta, maana hata bei isipopatanika, salamu zangu bado zipo.

Shida ni kwamba mfumo ule ulionyesha maduka yote mawili kwenye simu. Mauzo ya Iyunga juu, mauzo ya Iringa chini yake, kila mauzo na saa yake. Mtu mwenye wivu usimpe kitu kama hicho. Bushiri akiwa zamu ya Iringa, simu haikunitoka mkononi. Saa nne Bibie kauza vitasa. Saa tano kauza rangi. Adhuhuri ikifika, mauzo ya Iringa yanasimama, kimya, hakuna hata skrubu, mpaka saa nane. Wanafunga duka wanakula! Kwangu mimi Bushiri hula amesimama nyuma ya kaunta, anasema mteja asiondoke. Kule anafungiwa duka, ananawishwa mikono, anaandaliwa. Bertha, jirani yangu mpika chapati anayekaa hapa mbele ya duka, aliniona naitazama simu akasema, "Mama Iqbal, kuna msiba?"

"Upo," nikamjibu. "Wanakula wali."

Hata hivyo nilikuwa mbele. Mauzo yangu yalikuwa juu ya yake na yanazidi kupanda, nami nikaanza kumpangia Bushiri chumba cha chini ili asipande ngazi na mguu ule. Nilishanunua mapazia. Hapo ndipo Bibie aliponipigia.

Hana tabia ya kupiga kunichokoza, na hilo nalishuhudia. Alipiga kuuliza hali, tukazungumza baridi, tukazungumza kidonda, mwisho akasema, "Mimi dada wateja wananijia mmoja mmoja tu, wewe Mungu amekufungulia. Ila alhamdulillahi, nikiangalia faida, haba na haba inaonekana."

Faida. Mimi siku zote nilikuwa naangalia mauzo. Nilikata simu nikafungua faida, ya kwangu na ya kwake. Loh! Mimi niliyeuza mpaka sauti imekauka, faida yangu ilikuwa chini kuliko ya mtoto yule anayefunga duka kwenda kula!

Nilimwomba Bertha aniangalizie mlango, nikaingia ndani na kompyuta, nikaandika nywila ya meneja. Nikafungua mahali panapopangwa bei. Duka la Iringa, bidhaa zote, asilimia ishirini na tano. Duka la Iyunga, bidhaa zote, asilimia kumi na tano.

Nilivaa miwani nikasoma tena. Kumi na tano.

Jamani, sijui niseme vipi mtu anielewe. Haki yote ile, ya khanga za kupimwa na friji za kukaguliwa na bega la Kiyama, kumbe ilikuwa ya macho ya watu! Mke mdogo kapewa ishirini na tano kamili kama ilivyotangazwa, na mimi nimekatwa kumi gizani. Niuze, nichoke, nijaze watu, halafu mwisho aje aniambie, "Mama Iqbal, umeuza kweli, lakini faida iko wapi?" Alisema atatazama mauzo, ndiyo. Lakini wewe nionyeshe mfanyabiashara gani anayetazama mauzo akaacha faida. Mimi si mtoto. Nikaona mpango wote toka mwanzo: mashine alishaitengeneza imchagulie Bibie, mimi nimewekwa nionekane nimeshindana.

Na mwanangu ndiye aliyeandika kwa mkono wake. Nililia, na si kidogo.

Nilipomaliza kulia nikafuta kioo cha kompyuta kwa ncha ya khanga. Nikaenda duka la Iringa, nikachagua bidhaa zote. Zikajiwekea alama moja moja kwenda chini, bati zake, nondo zake, kila kitu chake. Nikaandika kumi na tano. Chukua, Bibie, uonje. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Nilikuwa na uhakika kuliko jina langu.

Kisha nikaja Iyunga. Nilitaka kuandika ishirini na tano, ndiyo ingekuwa haki. Kidole kikakataa. Ishirini na tano ni ya mwanamke aliyekuja juzi akakuta duka limejengwa. Mimi niliyelala juu ya magunia ya simenti tukilinda mali isiibwe, nina ishirini na tano? Nikaandika thelathini na tano, nikabonyeza. Nikatoka nje nikanunua chapati mbili kwa Bertha nikala zote.

Wateja walianza kupungua tangu siku ile ile. Gwakisa alikuja kuchukua bati za kanisa wanalojenga, akatazama bei, akavua kofia.

"Mama Iqbal, hizi bati juzi hazikuwa hivi."

"Ni mashine, baba. Mimi sipangi."

"Basi iambie mashine Gwakisa amehama." Akavuka barabara kwenda duka la upande wa pili, na mafundi wake nyuma yake.

Iliniuma. Zamani ningemfuata mpaka katikati ya lami, nimshike mkono, nimwambie njoo tuongee. Sasa tungeongea nini? Bertha aliniambia wazi, "Mama, punguza. Watu wanakimbia."

"Wakimbie."

"Unagombana na nani hasa?"

Ningeweza kurudisha, nilijua pa kubonyeza. Lakini kila nikitaka kuandika ile kumi na tano naona naandika kwa mkono wangu kwamba mimi ni mke wa kupunjwa. Bora nikose wateja. Na tena nilikuwa na hesabu yangu: wachache wanaonunua wananiachia faida nene, na Bibie anauza kwa faida ya kujikuna. Kila jioni nilifungua simu. Mauzo ya Iringa yalikuwa yanapanda kama maziwa jikoni. Alinipigia akihema, "Dada, sijui kumetokea nini, watu wamejaa! Hata kutoka Idodi wanashuka na lori!"

"Hongera, mwenzangu," nikamwambia, nikakata, nikacheka peke yangu. Anajichosha bure. Sasa hata muda wa kufunga duka kula hakupata, nililiona hilo kwenye simu, na nilifurahi nalo vilevile. Mpaka kufikia Idi kubwa faida yangu ilikuwa imeizidi yake. Si kwa mengi, lakini imeizidi. Nikatundika mapazia mapya kwenye chumba cha chini.

Bushiri alikuja baada ya Idi, zamu ikiwa yangu. Nilimwona anashuka kwenye bajaji na fimbo, nikaenda kumpokea. Nilikuwa nimejitia hina, nimefukiza udi, nimempikia ndizi za kuchemsha na samaki kwa sababu wali daktari kaukataza. Nikamwosha mguu. Alikula kidogo. Kisha akasema bila kunitazama, "Mashine imesema Iringa."

Nilicheka. Kweli nilicheka. "Iringa ipi? Umeangalia faida? Yangu imeizidi yake!"

"Faida?" Akainua uso. "Nani alisema faida? Nilisema atakayeuza zaidi. Bibie ameuza zaidi yako. Nimeshampa neno, Mama Iqbal. Nilimwambia kabla sijapanda basi. Amelia kwa furaha."

"Kwa hiyo ulinipa ile kumi na tano ili iweje?" nikapayuka. "Kama si kuninyima faida, iweje?"

Alishtuka kwamba naijua. Akatazama mlango kana kwamba kuna mtu, akashusha sauti. "Nilimwambia Iqbal akuwekee kumi na tano usiku ule ulipoingia jikoni. Bibie akae na ishirini na tano. Bei zako ziwe chini, wateja wakufuate wewe. Mashine iseme Mbeya, na hakuna mtu wa kunilaumu." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Nilitaka nife hapa, mwanamke. Kwenye nyumba hii. Nilijua ni dhuluma, nikaifanya hivyo hivyo. Ukaanza kushinda, nikawa nachekelea moyoni kama mwizi. Halafu ghafla ikageuka. Bei sikuigusa, Iqbal hakuigusa, nawe sikudhani unajua hata pa kubonyeza, ikageuka tu. Nilidanganya katika haki ya wake zangu, Mungu akaipindua mbele ya macho yangu. Nimemkubalia. Ninakwenda Iringa alikonielekeza."

Chapati za Bertha, mapazia, kicheko changu kwenye simu, vyote vilinijia pamoja. Mwanamke mwenye akili angenyamaza hapo. Angemwacha aamini hivyo, aondoke na heshima yake, na yangu. Lakini mimi niliwaza jambo moja tu: atakaa kwa Bibie akiamini ni Mungu aliyemchagulia! Kila akimnawisha mikono atasema huyu ndiye niliyepangiwa. Mume kamchukua, na Mungu pia amchukue? Haiwezekani.

"Si Mungu," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyegeuza. Niliona kumi na tano nikampa yeye. Mimi nikajipa thelathini na tano."

Alisukuma sahani kando. Kisha akasema polepole, "Uliiona kumi na tano ukadhani nimekupunja."

"Ningedhani nini?"

"Ungeniuliza."

"Nawe ungeniambia!"

Nikamshika magoti. Nilimwambia ampigie Bibie sasa hivi, amwambie kulikuwa na kosa kwenye mfumo, waanze upya. Alitikisa kichwa.

"Nimwambie nini yule mtoto? Kwamba nilimwibia, nawe ukaiba nilichoiba? Yeye peke yake katika jambo hili hakugusa kitu. Nimeshampa neno, Naima."

Alikuwa hajaniita kwa jina langu tangu Iqbal azaliwe.

Aliondoka juma lilipokwisha, na lori lililobeba nusu ya mali ya dukani kwenda ghala jipya. Nilimfungia sambusa zisizo na mafuta mengi, nikamfungia na dawa zake, nikaandika ipi ya asubuhi na ipi ya jioni kwa sababu sijui kama yule mwenzangu anajua. Alikwenda kwenye lori kwa fimbo yake, anaburuta ule mguu wa kushoto, na bega la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia. Ni kidonda tu. Nilijiambia hivyo mpaka lori likapotea.

Sasa simu ndiyo ninayo. Chini ya kila mauzo mfumo unaandika jina la muuzaji, na kule Iringa jina ni lake: kitasa, Bushiri, rangi, Bushiri, misumari, Bushiri. Huwa nafungua nikitoka kuswali na nikiwa jikoni. Siku likikosekana jina lake asubuhi, nadhani mguu umemzidi, siombi wala sili mpaka lionekane. Linaonekana, nami nashukuru, kisha nakumbuka yuko kwa nani na roho inauma upya.

Juzi, mchana, Gwakisa alipita nje, akachungulia bei, akarudi hatua akachungulia tena. Akaingia.

"Mama Iqbal, mashine yako imepata akili?"

Nikatazama kioo. Bati zilikuwa zimeshuka. Nondo zimeshuka. Nikafungua mahali pa kupangia bei. Iringa, bidhaa zote, asilimia ishirini na tano. Iyunga, bidhaa zote, asilimia kumi na tano.

Nywila tunayo watu watatu. Mimi sikugusa. Iqbal, baada ya maneno niliyompa kwenye simu, hawezi kuthubutu.

Nilikaa kwenye kiti. Sasa hakuna mashindano yoyote, ghala liko kule, yeye yuko kule, hakuna cha kushinda. Nikafikiria lile bega. Ningekuwa mke mwema ningechagua bidhaa zote hapo hapo, nikaandika ishirini na tano, nikamwokoa mzee wa watu na hesabu ya Kiyama. Nilifika mpaka pa kubonyeza. Kisha nikafungua mauzo ya Iringa. Yalikuwa yamesimama tangu adhuhuri, kimya, hakuna hata skrubu. Wamefunga duka, wanakula.

Astaghfirullah, nikaifunga kompyuta. Kama ni kuinama na ainame, ili mradi ameinamia kwangu.

"Unalia nini, mama?" Gwakisa akauliza.

"Vumbi la simenti hilo," nikamwambia. "Unataka bati ngapi?"